Watani Hawahesabiwi

Egidi Komba wa Ruhuwiko alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kama kuna kazi aliyoichukia chini ya jua, ilikuwa kuchomelea mageti. Tangu biashara iachiwe huru, kila aliyefungua duka mjini Songea alitaka geti, na kila geti lazima liwe na maua ya chuma juu, na juu ya maua mikuki, utadhani wezi wote wa mkoa wamekula kiapo cha kupita kwa juu tu. Egidi alichomelea, alilipwa, alinung'unika. Moyo wake haukuwa kwenye mageti. Moyo wake ulikuwa Matogoro, nyumbani kwa baba yake, ndani ya ghala la mahindi, chini ya magunia matupu, maana huko ndiko alikoficha mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kubangulia korosho. Najua utauliza, Songea na korosho wapi na wapi? Korosho si za Tunduru? Ni za Tunduru, na huko ndiko alikozikuta, alipokwenda kwenye arusi moja akawaona akina mama wamekaa chini na mawe yao wanagonga ganda moja moja, vidole vimebabuka kwa yale mafuta ya ganda, ambayo hayana huruma na ngozi ya mtu. Wenzake walirudi na habari za pilau. Yeye alirudi amenyamaza. Kuanzia hapo akawa anakata pedeli za baiskeli kuukuu na springi za viti vya magari, anaunga, anabomoa, anaunga tena, hadi siku moja korosho ikaingia upande huu na ganda lake, ikatokea upande wa pili imevuliwa, nyeupe, nzima, na mkono wa mtu haujagusa mafuta. Egidi akaikodolea macho muda mrefu. Kisha akaila, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Waliojua siri hiyo walikuwa wachache. Alikuwepo baba yake, Mzee Dastan, mwenye ghala. Alikuwepo mkewe, Ida, ambaye humfichi kitu hata ukihamia mwezini. Na alikuwepo Bruda Otto wa karakana ya misheni, aliyemfundisha ufundi tangu ujana. Huyo Bruda ndiye aliyeandika kwao ng'ambo, kwenye kampuni moja inayotengeneza mashine ndogo ndogo za mashambani, na kampuni ikajibu kwamba wanaitaka, ila kwanza Egidi alete ombi la hataza ya kimataifa. Yaani iandikwe na ifahamike huko kwenye viwanda kwamba mashine hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni Egidi Komba, na anayetaka kuitengeneza amwombe. Bila hiyo, Bruda alimwambia, mtu yeyote mwenye kiwanda angeiiga kesho yake asubuhi na Egidi angebaki na mikuki yake juu ya maua.

"Nchi yenu imeingia kwenye mkataba wa mataifa juzijuzi tu," Bruda alisema. "Siku hizi unapeleka ombi moja, linabisha hodi nchi nyingi. Lakini mpaka siku utakapopeleka, ifiche. Mtu asiione."

Egidi aliificha kama mjane anavyoficha umri wake. Basi ndiyo ulikuwa mwaka wa elfu mbili, na mwaka huohuo Mzee Dastan akafariki. Mambo ya msiba yalipotulia, Egidi akakusanya michoro yake, akavaa shati la kanisani, akaenda mjini kwa wakili Jane Nchimbi, mwanamke kijana aliyekuwa amesomea mambo hayo ya hataza na aliyekuwa akituma maombi Dar es Salaam kwa niaba ya watu.

Wakili Jane aliitazama michoro, akapendezwa nayo waziwazi. Akauliza hili na lile, akaandika. Kisha akauliza swali ambalo Egidi alikuwa na jibu lake tayari tangu alipotoka nyumbani.

"Ukiacha nyumba yako na huyo Bruda, kuna mtu yeyote aliyeiona hii mashine?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri, kaka Egidi. Jambo hili ni kubwa kuliko yote."

"Nimefikiri, dada wakili. Hakuna mtu. Labda watani."

Kalamu ya wakili ikasimama. "Watani gani?"

"Wayao. Yule Daimu wa Tunduru. Lakini yule ni mtani tu."

"Aliiona?"

"Aliichukua, kwenye msiba wa baba."

"Akaipeleka wapi?"

"Kwao Tunduru. Alikaa nayo mpaka nilipokwenda kuikomboa kwa jogoo."

"Na muda wote huo alikuwa akiifanyia nini?"

Egidi akajikuna shingo. "Nasikia mkewe, bibi Tabu, alikuwa akibangulia uani. Na majirani. Na siku ya gulio nasikia walipanga foleni, na kuna mpiga picha mmoja akawapiga picha, kila mmoja na mguu kwenye pedeli."

Wakili Jane aliweka kalamu mezani. Alitaka kucheka, akajizuia, na usoni ikaonekana. "Kaka Egidi, nimekuuliza kama kuna mtu ameiona, ukaniambia hakuna."

"Ndiyo. Watani hawahesabiwi."

Na usimcheke. Hata wewe ungejibu hivyo kama umelelewa Ungoni. Mngoni na Myao walianza kutaniana tangu babu zao walipochoka kupigana. Mtani akiingia msibani kwako akajilaza mahali pa maiti, humtoi. Akiondoka na kuku wako, humpeleki polisi, unakwenda kumkomboa huku unamtukana na yeye anakutukana, mnakula pamoja. Alichofanya mtani hakina shauri na hakina deni. Sasa mtu wa namna hiyo unamwandikaje kwenye ombi la hataza?

"Mimi ni wa hapahapa, mtani namjua," wakili alisema. "Lakini watakaosoma ombi hili huko ng'ambo hawamjui. Kwao mtu ni mtu. Na sheria yao inasema kitu kikishaonwa na watu hadharani si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Wewe mashine yako imeonwa na gulio zima."

Egidi akaikusanya michoro yake mezani, kisha akaitandaza tena. Aliuliza kama ndiyo basi. Wakili akafikiri, akafungua kitabu kinene, akakifunga.

"Iko njia moja. Nchi nyingi zinasamehe ikiwa kitu kilitoka nje kwa kuibwa, na mwenyewe akawahi kuleta ombi. Kwa tarehe ulizonipa, bado unawahi. Lakini wanataka uthibitisho. Huyo Daimu aje hapa, aape mbele yangu kwamba aliiba."

Egidi alirudi Ruhuwiko kwa miguu, ingawa nauli alikuwa nayo. Alimkuta Ida anachambua maharage, akamsimulia yote. Mikono ya Ida ikasimama juu ya ungo.

"Unataka kumwita Daimu mwizi?"

"Si mimi. Ni sheria."

"Utani wa watu unaupeleka kwa wakili, baba Leo? Msibani kwa baba yako?"

"Ida, unataka nife nachomelea mikuki?"

Ida aliinama akaendelea na maharage yake, na kwa jioni ile yote hakumtazama mumewe usoni. Egidi akajiambia kwamba ni huruma za wanawake tu, watani wanawajulia sana.

Safari ya Tunduru ilimpa vumbi la kutosha la mwaka mzima. Alipofika, alimkuta Daimu barazani kwake, mtu mnene, mchangamfu, mwenye mashamba ya mikorosho na sauti ya kuadhinia.

"Tabu, njoo uone," Daimu alimwita mkewe. "Mtumwa wangu amejileta mwenyewe. Babu zake walikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka Songea bila kupumzika, na huyu naye amekimbia mpaka hapa. Ukoo wa mbio."

Siku nyingine Egidi angemrudishia palepale. Siku hiyo alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akaomba maji, akasema alichokuja kusema huku anatazama vidole vya miguu yake. Aliona haya. Aliona haya kuliko siku alipokwenda kuposa. Aliposema neno mwizi, bibi Tabu aliyekuwa mlangoni akarudi ndani taratibu.

Daimu aliuacha utani. Akaziviringisha tasbihi zake kidoleni.

"Na Ida anasemaje?"

"Ida hataki. Lakini Ida hajui mambo ya hataza."

"Kuna mtu mwingine anayeulizwa, au ni mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Ukisema uliiba, yameisha. Haendi mtu gerezani, wakili kaniambia, maana mimi mwenyewe sishtaki."

"Basi niandikeni," Daimu alisema. "Mimi ndiye mwizi. Lakini mniandike vizuri, nisionekane mwizi wa kuku."

Wiki iliyofuata alishuka Songea amevaa suti aliyoolea, ambayo vifungo vyake vilikuwa vimekwisha kusameheana na matundu. Wakili Jane akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, mjukuu wa wakimbizi. Wakili akaanza kumsomea hati: kwamba yeye, Daimu Rajabu, mkulima wa Tunduru, aliingia ghalani mwa marehemu Dastan Komba na kuchukua mashine bila ruhusa ya mwenyewe.

"Ongeza kwa ujasiri mkubwa," Daimu alisema.

"Sheria haihitaji ujasiri, mzee wangu."

"Basi ongeza kwamba Wangoni wote walikuwa wamelala kwa pombe. Hilo linajulikana hata Ulaya. Na andika kwamba niliiba na shamba lao la Matogoro, sema nimewaazima kwa sasa."

Egidi alikuwa akicheka kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Wakili alikuwa anakata hiki na kuacha kile, saini ilikuwa inasubiri, na Egidi akaanza kuona kwa macho ya moyo barua ya kampuni ikifika, na karakana yake ikiwa na watu wanaounga mashine, na mtu akija kuulizia geti anaambiwa hapa hatutengenezi tena mageti.

Ndipo wakili akafungua saraka, akatoa Msahafu uliofungwa kitambaa safi.

Daimu akaomba maji ya kutawadha. Alikwenda uani, akakawia, na aliporudi suti ilikuwa ileile lakini mtu alikuwa mwingine. Akaushika Msahafu kwa mikono miwili.

"Hapa pa utani pamekwisha," alisema kwa sauti ya chini.

"Pamekwisha," wakili alikubali. "Mimi ndiye ninayeapisha, mzee wangu, na jina langu linakwenda na karatasi hii. Kwa hiyo nitakuuliza maswali kabla hujatia saini. Mwenye mashine alikupa ruhusa?"

"Hakunipa. Sikumwomba."

"Uliichukua kwa siri?"

Daimu akautazama Msahafu. "Niliingia ghalani peke yangu. Kutoka nilitoka mbele ya watu wote wa msiba, nimeibeba kichwani."

"Egidi alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amekaa kwenye mkeka."

"Akakukataza?"

"Hakunikataza."

"Alifanya nini?"

Egidi alijua jibu kabla halijatoka, na alitamani kulizuia kwa mkono.

"Alicheka," Daimu akasema.

Wakili Jane hakuandika. Huko nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza mitumba, chagua wewe, vaa wewe. Daimu aliangalia uso wa Egidi, akaona alichokibomoa, akajaribu kukikusanya.

"Lakini mheshimiwa, mimi nilikuwa na mzigo kichwani. Na hawa Wangoni wakilia na wakicheka sauti ni ileile, jirani zao wote wanajua. Labda alikuwa akilia."

"Kama alicheka, alimruhusu, na hapo hakuna wizi," wakili alisema, sasa anamtazama Egidi. "Kama alilia, au alikasirika, hilo ni jambo jingine. Shahidi anasema hana hakika. Wewe unajua kilichokuwemo moyoni mwako, na wewe ndiye utakayeapa sasa. Ukiniambia ulikuwa ukilia, nitaandika ulikuwa ukilia."

Ilikuwa njia nyeupe kabisa, imefagiliwa. Neno moja tu. Na nani angempinga? Mtu aliyefiwa na baba akilia, kuna ajabu gani?

Lakini Egidi aliikumbuka siku ile. Tangu wamzike mzee, alikuwa hajalia wala hajala. Watu walimletea uji, uji ukapoa. Padre alikuja, akaja Bruda, wakamwambia maneno mazuri, na maneno yakampita. Siku ya kuondoa matanga ndipo akatokea Daimu kutoka ghalani amevaa koti la marehemu, anachechemea mguu wa kushoto kama marehemu, mashine kichwani, na sauti ikawa ya Mzee Dastan mwenyewe, kavu, yenye kero: "Egidi, hii baiskeli yako haina magurudumu, sasa utafika nayo wapi?" Alipita katikati ya wanawake akiwaomba wamsogezee kiti, mzee wa watu amechoka kufa. Waliokuwa wakilia wakaanguka ubavu kwa vicheko. Na Egidi kifua kikamfunguka, akacheka mpaka machozi, akaupigapiga mkeka kwa kiganja, na kwa muda ule mfupi baba yake alikuwa amerudi uani, anachechemea, anamgombeza. Jioni ile alikula ugali sahani mbili. Usiku akalia, akalala.

Sasa aseme hakucheka. Aseme ile ilikuwa hasira. Aliyaona mageti yote ya Songea yamejipanga barabarani yanamsubiri. Aliiona ile barua ya kampuni. Moyo ulimwambia sema, mjinga wee, sema ulilia, baba yako mwenyewe angesema.

"Nilicheka," Egidi alisema.

"Una hakika?"

"Nilicheka sana, dada wakili. Nisingecheka siku ile, sijui kama ningekuwa hapa."

Wakili Jane alizikusanya karatasi polepole, na huruma ilikuwa wazi usoni mwake. Alisema hapa nyumbani ataangalia kama kuna la kufanya, lakini hizo nchi zenye viwanda, ndizo kampuni ilizozitaka, milango imefungwa na hatamdanganya. Alikataa kupokea chochote kwa kazi ya siku ile. Daimu aliurudisha Msahafu kwa mikono miwili, akatoka kwanza.

Walitembea mpaka stendi. Basi la Tunduru lilikuwa limekwisha washwa. Daimu aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akageuka, na Egidi akajiandaa kutukanwa.

"Pole, ndugu yangu," Daimu alisema.

Katika maisha yake yote Egidi hakuwahi kuambiwa pole na Daimu, hata siku ya maziko. Hapo ndipo ilipomwingia kwamba amepoteza kweli, na macho yakamlowa mbele ya makondakta.

Alifika nyumbani jua limeinama. Ida alikuwa jikoni. Alipomwona alisimama na mwiko mkononi, akasubiri.

"Imeshindikana," Egidi alisema. "Wakili aliuliza kama nilicheka. Nikasema nilicheka."

Ida akauweka mwiko. Akafuta mikono kwenye khanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Daimu hakuiona ile mashine kwa akili zake," alisema. "Nilimwambia mimi."

Egidi hakuelewa kwanza.

"Ulikuwa huli. Nakuita huitiki, nakulisha kama mtoto unatema. Nikamfuata Daimu nyuma ya nyumba, nikamwambia mtani, kiko kitu ghalani anachokipenda kuliko sisi sote, nenda ukamfanyie utakalo, mradi aamke. Nilidhani ataipitisha uani tu airudishe. Na alipoondoka nayo, ukawa unacheka na unakula, ningesemaje tena?"

Sasa Egidi akaelewa kwa nini kule barazani Daimu aliuliza habari za Ida kwanza, na kwa nini alikubali wizi upesi vile. Mtu alivaa suti yake ya arusi ili jina la mke wa mtu lisifike kwa wakili. Hilo halikumpunguzia hasira. Hasira zilimpanda kwelikweli.

"Ida, unajua ulichokifanya? Dunia nzima ile imenipita. Si ungesubiri siku moja? Ningekula mwenyewe."

"Ungekula lini?" Ida aliuliza, na sauti yake ilikuwa kali, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka. "Ulitaka niwe mjane wa mvumbuzi wa kimataifa?"

Egidi alizunguka jikoni mara moja, akavuta kigoda, akakaa karibu na moto, kisha akamwomba amtilie chai.